Kwa Nini Mtoto Huuita Mpira "Duara"

Muulize mtoto wa darasa la awali mpira una umbo gani, atakujibu "duara" bila kusita. Mwonyeshe boksi la chaki, atasema "mstatili". Mpe dadu ya ludo: "mraba". Mwalimu mwenye haraka ataweka alama ya kosa na kuendelea, na mzazi nyumbani ataanza kumkaririsha: sema tufe, sema mche mstatili, sema mchemraba. Wiki haijaisha, majina yamemtoka na mpira umerudi kuwa duara.

Jibu la mtoto huyo lina akili yake. Ukutani mwa darasa lake kuna bango lenye duara jekundu, mraba wa bluu na pembetatu ya njano. Hayo ndiyo majina ya kwanza aliyopewa, na kwa muda mrefu ndiyo majina pekee. Akikutana na kitu kinene, chenye mbele na nyuma, anatafuta jina katika akiba aliyonayo na kuchukua lile linalofanana na upande unaomtazama. Mpira, uutazame kutoka popote, mzingo wake ni duara. Boksi la chaki lililolala mezani, upande ulio mbele yake ni mstatili kweli. Ametaja alichokiona. Kilichomponza ni mpangilio wa somo, na mpangilio huo tumeupanga sisi.

Wengi wetu tunaamini kwamba umbo bapa ni rahisi kwa kuwa lina vipimo viwili tu, urefu na upana, na kwamba lile lenye kimo ni gumu kwa sababu limeongezewa kipimo cha tatu. Kwenye kukokotoa ni kweli: eneo huja kabla ya ujazo. Kwa mtoto wa miaka mitano mambo yako kinyume. Hakuna mtu aliyewahi kushika mraba. Hata ule tunaoukata kwenye manila una unene wake, mdogo tu; ukitaka usahihi, ni mche mwembamba sana. Mtoto ameshika vikombe, sufuria, vifuniko na magunzi ya mahindi tangu anatambaa, ilhali mraba usio na unene ni wazo ambalo hana budi kulijenga kichwani. Kwa hiyo anayeanza na bango ameanza na kigumu.

Wapo waliolijua hili zamani. Friedrich Fröbel, Mjerumani aliyefungua kituo chake cha watoto wadogo huko Bad Blankenburg mwaka 1837, alitengeneza vifaa alivyoviita zawadi. Zawadi ya kwanza ilikuwa mipira laini ya nyuzi. Ya pili ilikuwa ya mbao: tufe, mchemraba na silinda. Ya tatu ni mchemraba uliogawanyika katika michemraba midogo minane, mtoto aubomoe na kuujenga upya. Vibao bapa vilikuja baada ya hapo, kisha vijiti, na vitu vidogo mfano wa nukta vikaja mwisho. Alishuka kutoka kitu kizima hadi uso, kutoka uso hadi mstari, kutoka mstari hadi nukta. Alikuwa pia na mchezo mmoja ambao nauhusudu: mchemraba unaning'inizwa kwa uzi katikati ya uso wake mmoja, unazungushwa kwa kasi, na macho yanaona silinda. Unaweza kuufanya na kipande cha sabuni kilichokatwa vizuri na uzi wa kushonea.

Mwaka 1957 mume na mke wa Uholanzi, Pierre van Hiele na Dina van Hiele-Geldof, waliokuwa walimu wakishangaa kwa nini wanafunzi wao hawaelewi jiometri, walieleza kwamba uelewa wa maumbo hupanda kwa ngazi. Kwenye ngazi ya kwanza mtu hulitambua umbo kwa sura yake nzima: hili ni piramidi kwa sababu linafanana na sambusa. Kwenye ya pili anaanza kuona sifa: lina nyuso nne, na kila uso ni pembetatu. Kwenye ya tatu anaona sifa zinavyohusiana, na hapo ndipo ukimwambia mchemraba nao ni aina ya mche mstatili atakuelewa. Kinachompandisha mtu ngazi ni kazi aliyoifanya na mazungumzo aliyoyasikia, zaidi ya miaka aliyonayo. Ubaya ni kwamba mwalimu aliyeko ngazi ya tatu na mtoto aliyeko ya kwanza wanaweza kutumia maneno yaleyale kutwa nzima wasielewane.

Basi tuanzie kwenye vitu. Dodoma haina uhaba wa vifaa vya somo hili, hata kwa shule isiyo na bajeti ya zana. Geti la Soko la Majengo au soko lolote la mtaani limejaa makopo, madebe, maboksi na pakiti za karatasi. Mafundi wanaacha vipande vya tofali kila kona ya mji huu unaojengwa usiku na mchana. Mashamba ya mtama na uwele yakishavunwa yanabaki na mabua, ambayo watoto tayari wanayatumia kuundia magari. Udongo wa kichuguu hauuzwi.

Ila uchague kwa makini, maana vitu vya nyumbani vina hila. Ndoo si silinda: mdomo wake ni mpana kuliko kitako. Glasi nyingi ni hivyohivyo, na vikombe vya plastiki ndiyo kabisa. Yai si tufe, wala zabibu iliyo ndefu kidogo. Kwa siku za mwanzo tafuta visivyo na utata: kopo la maziwa ya unga, betri ya tochi, gololi, debe, boksi la dawa ya meno, tofali la kuchoma lisilobomoka kona. Ndoo na yai vije baadaye, vikija vije kama kesi ya kujadiliwa: hii tuiweke fungu gani?

Jambo la kwanza la kufanya na vitu hivyo ni kuviachia vishuke. Laza ubao juu ya tofali moja, upate mteremko mdogo. Kabla ya kuachia kitu, watoto watabiri: kitabingirika, kitateleza, au kitakaa? Gololi inashuka hata uiweke vipi. Kopo linashuka likiwa limelala, likisimama linakaa. Boksi linakaa, na ubao ukiinuliwa zaidi linateleza bila kupinduka. Hapo mtoto amekwisha kugawanya dunia ya maumbo katika makundi matatu bila kutajiwa jina hata moja: yenye uso uliopinda pekee, yenye nyuso bapa pekee, na yaliyochanganya.

Halafu mpe pakiti ya karanga, ile ya karatasi iliyosokotwa yenye ncha chini, ikiwa tupu, aisukume sakafuni.

"Mwalimu, hii haitaki kwenda."

"Haitaki vipi?"

"Inazunguka tu hapahapa."

Ni kweli, inazunguka. Mdomo mpana unasafiri masafa marefu kwa kila mzunguko mmoja, ncha haisafiri kabisa, kwa hiyo pia, ndilo jina la umbo hili lenye mdomo wa duara na ncha moja, hujichorea duara sakafuni na ncha yake ikiwa katikati. Kopo, kwa kuwa lina upana uleule mwanzo hadi mwisho, huenda moja kwa moja. Sasa mletee kikombe cha plastiki kilichokataliwa kuwa silinda. Akikisukuma na kukiona kinapinda njia, amepata ushahidi wake mwenyewe kwamba kikombe ni ndugu wa pia aliyekatwa ncha. Sijui maelezo ya ubaoni yanayoweza kushindana na hilo.

Baada ya macho, mikono. Tia vitu vitano kwenye kiroba, mtoto aingize mkono bila kuchungulia na aeleze anachokigusa hadi wenzake wakijue. Tazama vidole vyake: vinapita kwenye uso kwanza, vinagota kwenye ukingo, vinaufuata ukingo hadi kwenye kona, vinasita hapo. Uso, ukingo, kona. Mambo matatu ambayo kitabu kitamtaka ayahesabu ameshayapapasa kwa mpangilio uleule. Mtoto aliyekuja shule na Kigogo chake kutoka vijiji vya Bahi au Chamwino anaweza kukwama maneno. Mwache aonyeshe kwa mkono, au aseme kwa lugha ya nyumbani na mwenzake atafsiri. Kinachopimwa hapa ni umbo.

Sasa, na ni sasa tu, maumbo bapa yaingie, na yaingie kwa mlango wa maumbo yenye kimo. Lowesha mchanga, usawazishe, kila mtoto agandamize kitu chake na kukiinua. Kopo linaacha duara. Debe linaacha mraba upande mmoja na mstatili upande mwingine. Tofali linashangaza zaidi kwa sababu linaacha mistatili ya aina tatu, kila aina mara mbili, kutegemea umelilaza, umelisimamisha kwa ubavu au kwa kichwa. Yule aliyeuita mpira duara augandamize mchangani aone: unaacha shimo, na shimo linapanuka kadiri anavyokandamiza. Mpira hauna uso bapa wa kuuchapa. Duara linakaa juu ya kopo. Kwenye mpira halipo, mpaka mtu aukate. Chungwa lililokatwa kati litamwonyesha lilikojificha.

Kukata ndiko kunakoamua pia mgogoro wa mche na piramidi, ambao huwasumbua watoto hadi darasa la tano na wengine huuhamishia sekondari. Chukua mche wa sabuni ya kufulia, ukate vipande mbele ya watoto. Kila kipande, kiwe cha mwanzo, cha kati au cha mwisho, kina uso uleule kwa sura na kwa ukubwa. Hiyo ndiyo sifa ya kila mche, kitako chake kiwe mraba, mstatili, pembetatu au hata duara. Kisha kata karoti. Vipande vinaanza vikubwa, vinapungua, vinaishia nchani: hiyo ni tabia ya pia, na piramidi hufanya vilevile, isipokuwa vipande vyake vina kona. Mtoto akishika hili, hatababaishwa na mchoro ulioinamishwa kitabuni. Atajiuliza swali moja: nikikata hapa na pale, nitapata vipande vinavyolingana?

Nyumba za kwetu nazo zinasaidia. Tembe la Kigogo, lenye paa la udongo lililolala, ni mche mstatili mrefu. Msonge ni silinda iliyovikwa pia. Nyumba ya bati yenye miteremko miwili ni mche mstatili uliobebeshwa mche pembetatu uliolala, na huu wa pili watoto huwa hawauoni kuwa mche kwa sababu vitabu huuchora umesimama. Wageuzie vitu mara kwa mara. Mtoto aliyezoea pembetatu iliyokaa kitako huikana ikipinduliwa, na mchemraba uliosimama kwa kona huonekana kwake kama kitu kingine.

Majina yatolewe lini? Pale mafungu yanapokuwa tayari mezani na watoto wamechoka kusema "zile zinazobingirika upande mmoja". Hapo neno "silinda" linakuja kama msaada, nao watalishika. Nisingependa pia tuwadanganye kwamba kila kitu kina jina. Mtoto wa Dodoma atakuletea jiwe; mji huu umezungukwa na majabali, na swali "hili ni umbo gani?" halikwepeki. Mwambie ukweli: lina nyuso, lina kingo, tunaweza kulielezea, ila jina la kitabuni halina. Na akiuita mchemraba "boksi lenye pande sawa", au akiuingiza kwenye fungu la miche mistatili, usimwambie hapana. Kihisabati hajakosea.

Kuhesabu nyuso, kingo na kona ni kazi inayoonekana rahisi hadi uifanye na mtoto wa darasa la pili. Analizungusha boksi mkononi, anasahau alikoanzia, anapata nyuso saba, mara tano. Aupake kila uso aliouhesabu chaki ya rangi yake. Kwa kingo na kona kuna njia bora zaidi, ya kujenga mifupa ya umbo: mabua yaliyokatwa urefu sawa na vidonge vya udongo wa kulowesha. Mchemraba unadai mabua 12 na vidonge 8, na mtoto aliyekwenda mara tatu kuongeza bua hasahau 12. Kuna kitu cha ziada hapo. Mchemraba wa mabua unayumba, ukiusukuma kidogo unalala upande. Piramidi yenye kitako cha pembetatu, ya mabua 6 na vidonge 4, inasimama imara. Ukimpitisha mtoto huyo chini ya nyumba inayopauliwa na kumwonyesha kenchi, ataona fundi naye amejaza pembetatu.

Kuna swali moja linalowagombanisha watu wazima, hasa likija kama kazi ya nyumbani na wazazi wakaanza kubishana kwenye kundi lao la simu: silinda ina nyuso ngapi? Mmoja anasema mbili, mwingine tatu, wa tatu anaapa kwamba mwalimu wake wa zamani alisema moja. Jibu linategemea neno "uso" limepewa maana gani. Ukisema uso ni sehemu bapa, silinda ina mbili, juu na chini. Ukiuhesabu na ule uliopinda, ni tatu. Kwa vipimo hivyohivyo, umbo la pia lina uso mmoja au nyuso mbili. Fasili zote mbili zinatumika. Kosa ni la anayeuliza swali bila kusema ameshika ipi.

Chanzo cha utata ni kwamba maneno uso, ukingo na kipeo (yaani kona) yalitengenezewa maumbo yenye nyuso bapa tu. Kwenye hayo, umbo lisipokuwa na tundu katikati, yanatii kanuni ambayo Leonhard Euler, mwanahisabati wa Uswisi, aliieleza mwaka 1750: chukua idadi ya vipeo, toa kingo, ongeza nyuso, utapata 2. Mchemraba: 8 − 12 + 6 = 2. Mche pembetatu: 6 − 9 + 5 = 2. Piramidi yenye kitako cha mraba: 5 − 8 + 5 = 2. Silinda yenye nyuso tatu na kingo mbili za duara: 0 − 2 + 3 = 1. Imegoma. Bandua lebo ya kopo uone sababu. Uso uliopinda unajizunguka na kujirudia bila kukatika. Ukifunguka unakuwa mstatili, na pale ncha zake zilipogundishwa pana mshono. Uhesabu mshono huo kuwa ukingo wa tatu na miisho yake miwili kuwa vipeo, kanuni inarudi: 2 − 3 + 3 = 2. Haya ni ya mzazi na mwalimu. Mtoto muulizeni tu: ina nyuso bapa ngapi, na uliopinda uko wapi?

Kukunjua maboksi nako kuna mtego mdogo. Boksi la dawa ya meno likifunguliwa lina masikio ya gundi, na mtoto huyahesabu kama nyuso. Yakate kwanza. Kwa wakubwa kidogo, wape miraba sita ya karatasi waipange na kuigundisha ubavu kwa ubavu: kuna njia 35 tofauti za kuipanga, na ni 11 tu zinazokunjika kuwa mchemraba. Kwa darasa lenye watoto themanini hiyo ni kazi ya vikundi ya wiki nzima, na karatasi chakavu zinatosha.

Mchoro nimeuacha nyuma kwa makusudi, ingawa madarasa mengi huanza nao. Mchemraba wa ubaoni, ile miraba miwili iliyopishana na kuunganishwa kwa mistari minne, ni mkataba wa watu wazima. Mwalimu anasema "nyuso zote sita ni miraba", huku ubaoni miraba ikiwa miwili na nyuso nne zilizobaki zimelala kama msambamba. Mtoto anayesikia hili bila kuwahi kushika mchemraba ana haki ya kuchanganyikiwa. Akiambiwa achore boksi, wa miaka mitano au sita mara nyingi huchora mraba mmoja, au miraba kadhaa iliyoshikana, maana anachora anachokijua.

Akishakomaa, mwekee boksi mezani, afumbe jicho moja na achore kile tu ambacho jicho lililo wazi linakiona. Wengine watapata uso mmoja, wengine mbili, waliokaa pembeni tatu. Zaidi ya tatu hapati mtu, hata aligeuze vipi. Yule aliyekwisha kuzihesabu sita kwa chaki atabisha kwamba nyingine zipo nyuma, na huyo ndiye wa kuonyeshwa ile mistari ya nukta nukta ambayo vitabu huitumia kwa kingo zisizoonekana.